Ufunguo wa Mzee Taratibu

3 Februari

Dada yangu, na Mzee ninayejua anasikiliza pembeni huku anajifanya anasoma gazeti,

Nimefika salama. Nimepewa kitanda cha juu, buti mpya zinazonibana na kofia ngumu yenye jina la mtu mwingine. Kituo chenyewe ni kikubwa kuliko nilivyodhani. Mabasi ya umeme thelathini na mawili yanaegeshwa chini ya paa moja, na paa lote hilo ni paneli za sola. Mchana jua linachaji betri za mabasi, likipungua umeme wa nguzo unajazia, na vyote viwili vikizidiwa jenereta inawaka yenyewe. Mzee asijisikie vibaya, lakini haya ndiyo aliyoyafanya yeye kwenye chumba chetu kwa bodi ya mbao, swichi moja na pikipiki ishirini za umeme zinazosubiri betri nje. Tofauti ni kwamba huku wamepaka rangi.

Kuna jambo lilinichekesha siku ya kwanza. Kila fundi ana kufuli lake lenye picha yake. Ukienda kugusa nyaya unazima swichi, unaifunga kwa kufuli lako, ufunguo unautia mfukoni, na hakuna ufunguo wa akiba. Msimamizi akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia sheria hii naijua tangu utotoni. Kwetu kuna ufunguo mmoja wa shaba, bila huo swichi haigeuki. Ukiwa kwenye msumari wake, yeyote ageuze swichi. Usipokuwepo, ujue Baba yuko kwenye nyaya na ufunguo uko kwenye mfuko wa shati lake, kifungo kimefungwa. Sikumwambia kwamba mzee huyo akishuka kwenye ngazi hupitia kwa jirani kuuliza hali ya mguu wa mbuzi, ufunguo bado uko kifuani, na madereva wanakaa nje saa nzima wakimwita Mzee Taratibu.

Mniandikie. Simu tunaziacha getini, na tukitoka mtandao ni wa kubahatisha.

Mdogo wako,
Koleo


19 Februari

Mdogo wangu Koleo,

Barua yako nimemsomea Baba mara tatu. Pale penye kufuli alinisimamisha, akavua miwani, akasema, "Mwambie msimamizi wake wamechelewa miaka ishirini." Mchana kutwa akawa anawaeleza madereva kwamba wenye mabasi makubwa wamemwiga. Wapo waliomwamini.

Kazi ipo, jua ndilo halipo. Mawingu yameanza mapema mwaka huu, kwa hiyo swichi inakaa kwenye PAMOJA tangu asubuhi, jua kidogo na nguzo kidogo, ndiyo betri zinajaa. Tangu uondoke Baba anapanda ngazi mwenyewe kwenye lile boksi la maungio ya nyaya nyuma ya nyumba. Nimemwambia atafute fundi wa kumsaidia. Anauliza fundi gani atakubali kusubiri. Unajua mwenyewe anavyofanya: anatandaza turubai juu ya paneli, anazima, anachomoa ufunguo, anautia mfukoni, anafunga kifungo, anakigonga kwa vidole viwili, ndiyo anapanda. Juzi kifungo kilikatika. Hakukanyaga ngazi mpaka nilipomshonea kingine, na madereva sita wanapiga honi nje.

Chumba cha bodi kiko vilevile ulivyokiacha, makopo na vipande vya nyaya vimerundikana juu ya bodi mpaka vinakaribia dari. Siku moja nitavishusha vyote nifagie, na usije kuniuliza kitu chako kiko wapi.

Baba anauliza kama unakula. Naona nguo zako zilivyo kubwa kwenye ile picha uliyotutumia, na mimi nauliza hivyo hivyo.

Dada yako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Usishtuke. Baba ameteleza kwenye ngazi wiki iliyopita, akaanguka. Nyonga imevunjika na mikono ina majeraha kidogo. Yuko hospitali, anaongea, anakula uji. Amesema usiache kazi kuja kumtazama mtu aliyelala tu, na mimi nasema hivyo hivyo. Mvua ilikuwa imelowesha ngazi.

Dada yako


24 Aprili

Dada,

Barua yako ina mistari saba. Hujawahi kuniandikia mistari saba, hata ulipokuwa umeninunia.

Baba amepanda ngazi ile miaka ishirini, kavu na mbichi. Na mikono inajeruhiwaje kwa kuteleza? Juzi nilipompata kwenye simu aliniuliza leo ni tarehe ngapi, nikamwambia, tukaongea kidogo, akaniuliza tena. Kisha akasema, "Samahani, mwanangu, siku hizi sijiamini." Baba yetu huyo, aliyebishana na kalenda ya benki hadi ikaonekana kalenda ndiyo iliyokosea.

Huku nimepandishwa. Sasa mimi ndiye ninayewafundisha mafundi wapya habari za kufuli. Nasimama mbele yao nawaambia: kufuli moja, ufunguo mmoja, mtu mmoja. Nilitaka kumpa Baba habari hiyo kwa mdomo, nikaona simu si mahali pake.

Niambie kilichotokea. Nikisikia kwa mtu mwingine sitakusamehe.

Koleo


8 Mei

Mdogo wangu,

Haya usiyazungumze kwenye simu. Simu huwa naweka sauti kubwa ili Baba asikie, na haya siwezi kuyasema akiwa pembeni. Nilikudanganya. Yeye ndiye aliyenisihi, na mimi nilishukuru kusihiwa.

Asubuhi ile kulikuwa na wingu zito. Niliporudi kutoka dukani nilikuta umeme wa kuchajia betri umezimwa na ufunguo haupo kwenye msumari, nikajua Baba yuko nyuma. Nikasema nisikae bure, nifagie chumba. Nikashusha makopo yote juu ya bodi, nikapangusa, nikafagia sakafu. Kwenye takataka nikaona ufunguo. Nikadhani Baba ameshamaliza, ameshuka na umemponyoka akielekea kwa jirani. Nilimwita mara mbili kupitia dirishani. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inaunguruma, sikusikia jibu. Madereva walikuwa wanalalamika. Nikatia ufunguo, nikageuza swichi, nikaiweka PAMOJA.

Alikuwa juu ya ngazi, mikono yote miwili ndani ya boksi.

Ni mimi niliyegeuza. Nakuandikia hivyo ili usilazimike kuuliza. Viganja vimeungua, vidole viwili vya kulia havitarudi, na nyonga ilivunjika alipoanguka. Lakini si hayo yanayonitoa machozi. Kinachonitoa machozi ni kwamba hanilaumu. Alipozinduka nilimweleza nilivyoukuta ufunguo sakafuni. Akasema, "Basi niliuangusha, nikapanda bila kuangalia." Anasema anachokumbuka asubuhi hiyo ni kufunga kifungo cha mfuko, baada ya hapo hakuna kitu. Nikamwambia, Baba, hicho unachokumbuka ni cha siku nyingine, umekifunga mara elfu. Akakubali.

Tangu hapo si yule. Ananiuliza kama amekula. Ameniambia nifiche viberiti nyumbani kabla hajarudi. Dereva alikuja hospitali kumwuliza ni betri gani ipewe chaji kwanza, akamjibu, "Muulize binti yangu, mimi akili yangu imekwisha." Hataki kusikia habari yoyote ya kazi, na ufunguo hataki hata kuuona. Daktari anasema kichwa chake hakina jeraha kubwa, ila mwili una miaka sabini na moja.

Nguo alizovaa siku hiyo nilipewa hospitalini ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Unanuka moshi. Nimeutupia juu ya kabati, siwezi kuufungua wala kuutupa.

Dada yako


27 Mei
(Sijaituma)

Baba,

Ufunguo aliouokota Dada si wako.

Niliuchongesha kwa fundi wa funguo sokoni miaka miwili kabla sijaondoka. Nilikuwa nimechoka kukusubiri. Unashuka kwenye ngazi, unaondoka na ufunguo, unaenda kuongea, na watu wanazomea nje, mimi ndiye ninayewatazama usoni. Kwa hiyo kila ulipoenda kwa jirani nilikuwa nachungulia nyuma, nikiona ngazi haina mtu nageuza swichi kwa ufunguo wangu. Ukikaribia nazima. Hukujua. Ulikuwa unashangaa betri zinavyojaa haraka siku unazokaa sana kwa jirani, ukasema labda ni jua.

Siku niliyoondoka gari lilikuwa linapiga honi. Niliutoa mfukoni nikausukuma chini ya kopo juu ya bodi. Nilipanga kumwambia Dada autupe chooni. Safari ikanichangamsha, nikasahau. Aliyesahau ni mimi.

Wewe hukuangusha kitu, Baba. Ufunguo wako lazima uko mahali ulipouweka.

Nimeandika haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ghala. Kesho asubuhi nina mafundi wapya tisa wa kuwafundisha habari za kufuli. Nikituma barua hii, Dada ataisoma kwanza, kisha atakusomea wewe kwa sauti. Najaribu kufikiria sauti yake akifika pale penye fundi wa funguo, nashindwa.


30 Mei

Dada,

Nimeisoma barua yako. Usijilaumu. Uliona ufunguo, ukafuata sheria kama tulivyofundishwa sote. Mtu yeyote wa nyumba ile angefanya ulivyofanya.

Kuhusu Baba, mpe muda. Mshtuko wa umeme unaweza kumchanganya mtu kwa miezi, huku tumefundishwa hivyo. Usimfichie viberiti, atazidi kujiona mgonjwa.

Ufunguo huo usiutumie tena. Ufungie mahali. Usiniulize kwa nini, ni ushauri wa kazi tu. Muite fundi abadilishe swichi yote.

Nitakuja likizo ya mwisho wa mwaka.

Koleo


16 Juni

Kwa mwanangu Koleo,

Mkono huu si wangu, wangu bado umefungwa. Anayeandika ni dereva wa pikipiki nyekundu, yule mwenye mwandiko mzuri na breki mbovu. Nimemwomba aandike ninavyosema, na dada yako nimemtuma dukani ili asisikie.

Nimerudi nyumbani. Nimewekwa chumba cha mbele, naona madereva wanavyoingia na kutoka. Dada yako anafanya kazi vizuri. Anaangalia ngazi, anaita, anaangalia tena ndiyo anageuza. Ameogopa, na mwoga ni fundi mzuri.

Nina swali moja, na nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekaa nami kwenye bodi miaka tisa. Dada yako ananipenda, atasema la kunifariji. Wewe ulikuwa unaniona nikifanya kazi kila siku. Je, kabla hujaondoka uliona nimeanza kusahau? Ulishawahi kuukuta ufunguo mahali ambapo si pake, ukanisitiri?

Nauliza kwa sababu kichwani mwangu naona kabisa nimekifunga kile kifungo. Naona vidole vyangu. Dada yako anasema ni siku nyingine, na ufunguo ulikuwa sakafuni, hilo halina ubishi. Sasa kama jambo ninaloliona wazi namna hii si la kweli, basi mwanangu hakuna ninachoweza kukishika. Majina yenu, mama yenu, hesabu za nyaya, vyote nitavitilia shaka. Kujua nimeanza kusahau tangu zamani ni afadhali, nitakaa nitulie. Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Usinionee huruma. Niambie kweli.

Baba yako


2 Julai

Baba yangu,

Nimesoma swali lako mara nyingi.

Mara moja moja, Baba, ndiyo. Si mambo makubwa. Ulikuwa ukisahau kidogo kama watu wote wa umri wako, nami sikuona haja ya kukusumbua. Hakuna aibu. Umefanya kazi miaka mingi kuliko wengi, na sasa ni zamu yetu. Pumzika, umwachie Dada bodi, na ufanye mazoezi ya kutembea kama daktari alivyosema.

Nakuja mwisho wa mwaka, nitakuletea shati jipya.

Mwanao,
Koleo


21 Julai

Mdogo wangu,

Sikujua kwamba Baba alikuandikia. Nimejua jibu lako lilipofika, maana aliniomba nimsomee. Mwanzoni nilitaka kuruka mistari, nikaona itakuwa kumdanganya mara mbili. Nikamsomea yote.

Nakushukuru kwa kumwambia ukweli. Mimi nisingeweza. Nilidhani atalia, lakini aliitikia kwa kichwa tu, akasema, "Koleo hawezi kunidanganya kwenye mambo ya kazi." Kisha akaomba mkasi. Nikamuuliza wa nini. Akasema nitoe mashati yake yote na niyakate mifuko. Nilikataa, akanisihi kwa upole hivi mpaka nikaona kukataa ni ukatili. Nimekata mifuko kumi na moja. Alikuwa anaihesabu.

Tangu siku hiyo hataki kutembea. Daktari amekuja nyumbani, amemwambia mzee usipoinuka mapafu yatajaa maji. Baba akamjibu kwa adabu kabisa kwamba mtu asiyejua alichofanya asubuhi hana sababu ya kuzunguka mchana, anaweza kumuumiza mtu. Madereva wamekuja kumtania, wamemwita Mzee Taratibu wakidhani atawafukuza kama zamani. Akawaomba radhi kwa kuwachelewesha miaka yote.

Anakohoa. Najua kazi yako haikupi nafasi, lakini ukiweza kuja kabla ya mwisho wa mwaka, njoo.

Fundi amekuja kuangalia swichi. Anasema ni nzima, haina haja ya kubadilishwa. Ufunguo nimeufungia kwenye kopo kama ulivyosema, nautoa ninapogeuza tu.

Dada yako


3 Septemba

Dada,

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, niliyomwandikia Baba. Tazama tarehe yake. Isome hiyo kwanza, ndiyo urudi kwenye hii.

Sasa umeshajua.

Ulipopiga simu ile asubuhi kusema tumempoteza, nilikuwa na barua hiyo kwenye begi tayari. Nilisafiri nayo siku mbili. Nilikuwa nayo mfukoni tulipombeba. Nilikuwa nayo jirani aliposimama kusema kwamba Mzee alikuwa na mtoto mmoja wa kumrithi kazi, na kila mtu akanigeukia. Wewe ulinishika bega, ukaniambia, "Angalau wewe ulimwambia ukweli." Nilifungua mdomo, Dada. Mbele yako, pale kwenye ngazi ya mlango, nilifungua mdomo nikakuuliza kama kuna maji ya kunywa.

Alikuja kwangu na swali moja. Ningemjibu kwa neno moja, angeinuka kitandani, angenitukana, angetembea. Badala yake nilimwita mzee aliyechoka ili mimi niendelee kuwa fundi mzuri. Sina namna ya kulipamba jambo hili, nimejaribu njiani kote.

Jana nimerudisha kufuli langu. Msimamizi aliuliza sababu, nikamwambia sistahili kuwafundisha watu jambo hilo. Amenipa kazi ya kuosha mabasi. Nitafanya hiyo mpaka utakaponiambia nije au nisije kabisa.

Tafuta ufunguo wake. Upo. Angalia zile nguo.

Koleo


19 Septemba

Koleo,

Barua yako imekaa siku nane kabla sijaweza kushika kalamu. Siku ya kwanza nilitaka kuichoma. Siku ya pili nilitaka nikupigie simu nikutukane mpaka salio liishe. Nilikupigia, ukapokea, nikasikia unavyopumua, nikakata. Ni mimi niliyepiga.

Ya kwako umeyasema, sitayarudia. Nataka na ya kwangu uyajue, maana naona umejibebesha yote na mengine si ya kwako. Aliyegeuza ni mimi, hilo sikupi. Aliyemwambia kwamba kumbukumbu yake ni ya siku nyingine ni mimi, tena zaidi ya mara moja, kwa sauti ile tunayowasemesha watoto. Na mfuko ulikuwa juu ya kabati. Miezi mitano, Koleo. Tangu arudi alikuwa amelala chumba cha pili, anauliza akili yake imeenda wapi, na jibu liko juu ya kabati, umbali wa kiti kimoja. Mimi sikuufungua kwa sababu ya harufu.

Madereva nimewaambia wote. Niliwakusanya mbele ya bodi, nikawaambia Mzee Taratibu hakusahau kitu, waliosahau ni watoto wake. Yule wa pikipiki nyekundu alikaa chini. Alisema alipokuwa anaandika ile barua, Baba alimuuliza, "Wewe unaamini nilifunga?" Naye kwa heshima akamjibu kwamba hajui.

Usije sasa. Sijasema usije kabisa. Nitakapoweza kukuona umesimama kwenye chumba kile bila kutaka kukutoa, nitaandika. Endelea kuosha mabasi.

Ufunguo wako nakurudishia humu ndani. Ni mwepesi kuliko wa Baba, sijui nilishindwaje kuhisi. Swichi nimebadilisha yote, kwa hiyo haufungui chochote tena.

Jana mchana nilipanda kwenye kiti nikaushusha mfuko. Fundo lilikuwa gumu, nililikata. Shati lilikuwa juu, mikono yake imeungua, kifua kizima kabisa. Lile la bluu, lenye kifungo nilichomshonea mwezi wa pili kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha. Nilikaa sakafuni nikauhisi ufunguo kwa nje ya kitambaa kabla sijauona. Nilifungua kifungo mara moja tu, nikatazama ndani, nikakifunga tena kama alivyokuwa amekifunga yeye.

Dada yako